Jina Lililoning'inia

Mkono wa Winifred Alderson ulikuwa umezama hadi kwenye kiwiko ndani ya kondoo jike aliyeshindwa kuzaa, na vidole vyake ndiyo kwanza vilikuwa vimegusa kwato mbili ndogo, laini kama sabuni iliyolowa, pale mtu aliposimama mlangoni mwa banda na kuukata mwanga. Nje theluji ya Aprili, ile isiyo na adabu ya kujua kwamba majira yake yamekwisha, ilikuwa ikidondokea maua ya manjano yaliyokwisha kuchanua.

"Bi Winnie," akasema aliyesimama. Alikuwa Bi Dinsdale, mwanamke aliyemtunzia nyumba Honoria, dada mkubwa wa Winifred. "Dada yako anakuita."

Winifred hakugeuka. "Una hakika ni mimi? Huenda kamwita paka."

"Paka haitwi Winifred."

"Miaka arobaini na zaidi hajalitaja jina langu. Nilidhani amelisahau."

"Thubutu! Hulitaja kila Jumapili ukiingia kanisani na hiyo kofia yako." Bi Dinsdale alikung'uta theluji mabegani, kisha sauti yake ikashuka. "Anakufa, Bi Winnie. Daktari kampa wiki. Yeye mwenyewe anasema daktari ni mkarimu mno."

Winifred alivuta. Mwanakondoo akatoka kwa mkupuo mmoja, wa manjano, amelowa, akifuka mvuke, akaanguka juu ya nyasi kavu na kupiga chafya. Mama yake akageuka kumlamba. Winifred alibaki amepiga magoti, mikono miwili ikimning'inia, akiwatazama viumbe hao wawili kana kwamba hajawahi kuona jambo kama hilo, naye alikuwa ameliona maisha yake yote.

"Ngoja nioge," alisema hatimaye.

Mgeni wa bonde letu angeweza kudhani kwamba hapo palikuwa na ugomvi wa kawaida wa ndugu, wa aina ile isiyokosekana penye nyumba mbili na ukuta mmoja. Sivyo. Kati ya wanawake hao wawili kulikuwa na kitu kilichoning'inia hewani, na sisi sote wa Garsholm tulikulia chini yake kama watu waliojenga chini ya jabali.

Kitu hicho kilikuwa ubaroni. Garsholm ni bonde jembamba la kaskazini mwa Uingereza, lenye mawe mengi kuliko udongo, na baroni wake wa kwanza aliitwa bungeni na mfalme katika karne ya kumi na tatu. Cheo chenyewe ni cha kale, cha aina ile inayorithiwa hata na mwanamke. Mwana wa kiume akiwapo, hukitwaa. Binti akiwa mmoja tu, hukitwaa pia. Lakini mabinti wakiwa wawili, sheria ya vyeo haimjui mkubwa wala mdogo. Wote ni sawa mbele yake, na kwa kuwa cheo hakimegeki kama mkate, hakuna anayekipata. Huning'inia. Huning'inia mpaka mwenye taji apendezwe kumchagua mmoja, au mpaka tawi moja likauke, libaki jingine.

Everard, baroni wa kumi na nane, alizama na meli yake katika bahari ya kaskazini mwaka wa 1940. Aliacha mabinti wawili, hakuacha mwana.

Baada ya vita Honoria aliomba achaguliwe yeye. Alistahili: alikuwa mkubwa, alijua historia yote kwa ghibu, na hata shingo yake ilikuwa imeumbwa kama ya kubebea taji. Alichohitaji ni mdogo wake kusema, nimeridhia. Lakini mwaka huo huo Winifred aliolewa na Tom Alderson, mwana wa mpangaji wa shamba, kijana mwenye masikio makubwa na moyo mkubwa zaidi, na Honoria hakuja harusini. Alituma neno tu: "Karibu miaka mia saba, na mwisho wake zizini." Winifred, akiwa bado na maua nyweleni, alimjibu aliyelileta: "Basi kamwambie cheo kikae huko huko juu, kisije kikanuka kondoo." Hakuridhia. Si mwaka ule wala mwaka mwingine wowote. Dada akajifungia katika nyumba ndogo ya langoni, kipande pekee kilichobaki cha kasri la baba yao, mdogo akabaki shambani ng'ambo ya kijito. Tom alikufa. Binti yao, Hester, alikua akawa daktari wa mifugo. Honoria hakuolewa, hakuzaa. Na kadiri nywele zao zilivyozidi kuwa nyeupe, kila mtu bondeni alielewa hesabu bila kufundishwa: siku atakayokata roho dada, mdogo atakuwa baronesi papo hapo, bila tarumbeta, bila kuulizwa.

Winifred aliielewa kuliko wote. Zipo asubuhi, na hili hakumwambia mtu, alizoamka akalitazama dirisha la dada yake ng'ambo ya pili na kuuliza kimoyomoyo: bado?

Honoria alikuwa ameketi katika kiti cha magurudumu karibu na moto, amevaa koti, skafu na glavu. Ugonjwa ulikuwa umemkausha mpaka akabaki macho na mifupa, lakini shingo ile ilikuwa vilevile.

"Umenenepa," alisema.

"Nawe umekonda. Tumegawana."

"Usinichekeshe, kifua kinauma." Alimtazama mdogo wake kwa kitambo, kuanzia viatu vya mpira hadi nyweleni. "Nipeleke kanisani, Winnie. Kwa kina baba. Huyu Dinsdale ananisukuma kama gunia la viazi."

"Gunia la viazi halilalamiki njia nzima," alisema Bi Dinsdale toka jikoni.

Winifred alishika mipini ya kiti. Alikuja akiwa ametayarisha maneno, makali na yenye haki, aliyoyanoa miaka na miaka. Sasa alijikuta anashughulika na gurudumu lililokwama kwenye theluji, huku dada yake akimwongoza, kushoto, kushoto, wewe mtoto, hujui kushoto? Na namna ile ya kuitwa mtoto, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, ilimfanya ameze yote aliyoyatayarisha.

Mabaroni wa Garsholm wamelala katika kikanisa cha pembeni, upande wa kaskazini wa kanisa letu, mahali ambapo jua halifiki ila kwa kuazima. Wanalala juu ya makaburi yao wakiwa wa mawe, mikono kifuani, miguu ikikanyaga mbwa wa mawe. Winifred alikuwa amepita mbele yao kila Jumapili ya maisha yake. Alikuwa amewazoea kama mtu anavyozoea samani za nyumbani kwao.

"Nani huyu?" aliuliza Honoria mbele ya sanamu ya kwanza, iliyoliwa na karne mpaka uso ukabaki kama kipande cha barafu kilichonyonywa.

Winifred alicheka. Ulikuwa mchezo wa baba yao, wa Jumapili baada ya ibada. "Ralph."

"Alikwenda na nini bungeni?"

"Sanda."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hakujua kusoma. Mjumbe alipokuja na wito wa mfalme, Ralph alidhani anaitwa kunyongwa. Akaaga mkewe, akagawa mbwa wake, akakunja sanda yake nyuma ya tandiko la farasi, akaenda."

"Akaenda," alirudia Honoria. "Hakukimbilia Uskoti, ingawa iko hapo nyuma ya kilima. Alidhani anaitwa kufa, na alikwenda. Endelea."

Winifred alisukuma kiti. Majina yalimjia kutoka mahali alipodhani pamefungwa: Piers, aliyekatwa kichwa vitani ndani ya dhoruba ya theluji, na mama yake akakishona shingoni kwa uzi wa kushonea hatamu, kwa sababu alimzaa mzima na alitaka kumzika mzima. Isolda, baronesi kwa haki yake mwenyewe, ambaye wana wake wawili walipigana pande mbili za vita moja. Mmoja aliizingira nyumba, mwingine aliilinda, na sasa wote wamelala kushoto na kulia kwake, naye katikati amewashika mikono ya mawe kama mama anayevusha watoto barabara. Ambrose, mcheza kamari, aliyeuza msitu, fedha za mezani na hatimaye kitanda. Aliuza kila kilichouzika, na alipokufa alizikwa ndani ya gunia, lakini wanakijiji waliolibeba gunia lile walilibeba mabegani, kwa mwendo wa pole, kama wanavyobebwa mabaroni.

Dada mmoja alianza, mwingine akamalizia. Sauti zao, nyembamba na za kizee, zilipanda kwenye dari la mawe na kurudi zikiwa zimenenepa. Na mahali fulani kati ya Isolda na Ambrose, Winifred alisimama. Alikuwa ameona jambo ambalo mchezo wa utotoni ulikuwa umemficha. Baada ya Ralph, hapana hata mmoja kati ya hawa aliyepokea jina hili bila kuzika. Kila mmoja alilipata siku mbaya kuliko zote, siku ya msiba wa baba au mama au ndugu; wengine waliarifiwa wakiwa na matope ya vita miguuni, wengine wakiwa watoto waliolishwa kwa kijiko. Jina halikuwahi kushuka kama zawadi. Lilivuka kutoka kifo hadi kifo kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, na mawe yenyewe walikuwa watu. Alijihisi mdogo mbele yao, mdogo wa kupendeza, kama mtu aliyetoka nje ya nyumba yake usiku na kwa mara ya kwanza akainua kichwa.

"Umekuwa bubu?" aliuliza Honoria.

"Hapana. Nilikuwa sijawahi kuwaona, basi."

Mwisho wa ukuta lilikuwapo jina la baba yao, jina tupu, kwani mwili wake haukupatikana. Chini yake jiwe lilikuwa limelainishwa na kuachwa bila maandishi.

"Pale ndipo palipo shida," alisema Honoria. "Mimi nitalala hapa na jamaa zangu, hilo hawawezi kuninyima. Lakini ukutani sitakuwapo. Sikuwa baronesi hata kwa nusu saa."

Maneno yalimtoka Winifred kabla hajayapima. "Nitaliandika jina lako. Nani atanizuia? Nitamleta mchongaji, nitamwambia aandike Honoria, wa kumi na tisa."

"Utafanya hivyo?"

"Nimekwambia."

Honoria alivua glavu, akaugusa ukuta kwa ncha za vidole, pale palipolainishwa. Kisha akatikisa kichwa. "Usiseme uongo kwenye jiwe, Winnie. Karatasi huchomwa, jiwe hukaa. Tusiwe sisi wa kwanza kuwadanganya wanaokuja." Alipumzika, akavuta pumzi iliyokwaruza. "Sikukuita kwa hilo. Nakuomba jambo jingine. Baba alikufa majini, peke yake, gizani. Cheo kilimtoka na hakikukuta mkono. Kikaanguka katikati yetu kama sahani, na tumekuwa tukikanyaga vigae tangu siku ile. Nami nakufa. Safari hii kisianguke. Uwe pale. Unishike mkono."

"Sheria haihitaji mikono, Honor."

"Sheria! Sheria inajua nini? Ralph alibeba sanda." Alifunga macho. "Na tena naogopa. Hilo usimwambie Dinsdale."

Winifred aliinama, akamrudishia glavu, kidole kimoja kimoja, kama alivyokuwa akivishwa na dada huyu huyu asubuhi za baridi za zamani. Hawakuombana msamaha. Kwetu kaskazini watu hawana ulimi wa mambo hayo. Aliyekusukuma kwenye theluji kwenda na kurudi, amekwisha kusema.

Siku zilizofuata zilikuwa za ajabu kwa Winifred. Alivuka kijito kila asubuhi, akakaa na dada yake, wakabishana juu ya mambo ya mwaka wa thelathini na tano, nani alivunja dirisha, nani alimfungulia farasi akatoroka. Jioni alirudi kwa kondoo wake. Na lile swali lake la zamani, bado?, lilikuwa limegeuka ndani yake likawa ombi: bado, bado kidogo. Kama angeweza, angekichukua cheo kile kwa mikono miwili na kukitupa kijitoni, kikaelee mpaka baharini kwa mwenyewe.

Siku Bi Dinsdale alipopiga simu, ilikuwa mchana, na Winifred alikuwa bandani na Hester. Binti aliisikiliza simu ya ukutani, akaikata.

"Mama. Anasema uende sasa hivi."

"Huyu jike amekaa vibaya. Mtoto amegeuka."

"Namwona."

"Nikimwacha atakufa."

"Mama, mimi ni daktari wa mifugo. Umenisomesha kwa ajili hiyo." Hester, ambaye tangu utotoni alikiita cheo cha ukoo "kile kibuyu cha babu", alimshika mama yake mabega, akamtazama usoni. "Unaogopa nini? Si ulikuwa unakingoja?"

"Nisipokwenda," alisema Winifred polepole, "labda hatakufa."

Hester hakucheka. Alimfungua aproni, akamgeuza kuelekea mlangoni. "Alikuomba umshike mkono. Kondoo ninao mimi. Nenda."

Alikwenda. Mwanamke wa miaka sitini na mitatu, mwenye goti bovu, alikatisha shamba mbio, akaingia kijitoni hadi magotini kwa kuwa daraja lilikuwa mbali, akapanda kilima akihema kwa sauti. Waliomwona siku ile wanasema hakuonekana kama mtu anayekimbilia urithi. Alionekana kama mtoto aliyeachwa nyuma na wakubwa.

Honoria alikuwa hai. Hakuweza kusema tena, ila macho yalimfuata mdogo wake toka mlangoni hadi kitandani, yakashuka kwenye sketi iliyolowa, na pembe ya mdomo ikapanda kidogo. Winifred alikaa, akaushika mkono ule uliokuwa mwepesi kama jani. Bi Dinsdale alisimama kando ya dirisha. Theluji ilikuwa ikiyeyuka paani na matone yakianguka mbele ya kioo, moja baada ya jingine, yakiwa na mwanga ndani yake.

Pumzi zilikuja zikiachana kwa mbali, na kila moja ilionekana kufikiriwa kwanza. Kisha ikaja moja, na Winifred akaingoja ya pili.

Alingoja. Alikuwa amefikiri miaka mingi juu ya dakika hii, jinsi itakavyokuwa, kama atahisi kitu kikimshukia kichwani, joto au uzito au sauti. Hakuna kilichoshuka. Chumba kilikuwa chumba, kikombe kilikuwa juu ya stuli. Lakini vidole vya dada yake vilipolegea ndani ya vidole vyake, alihisi, waziwazi, kwamba yeye ndiye aliyeshikwa. Si na Honoria peke yake. Nyuma ya mkono ule kulikuwa na mwingine, wenye baridi ya maji ya chumvi, na nyuma ya huo mwingine, na mwingine, wa mcheza kamari, wa mama wa wana wawili, wa mwanamke mwenye sindano na uzi wa hatamu, ambaye hakuwa baronesi wala chochote ila mama. Safu ndefu ya watu wakishikana katika giza kurudi nyuma mpaka kwa mtu mmoja mwenye hofu juu ya farasi. Wote wamekaza. Hakuna aliyeachia. Winifred hakuthubutu kusogea, wala hakupata chozi. Alikuwa ameduwaa, mdomo wazi, kama watu wanavyoduwaa mbele ya bahari.

Bi Dinsdale alifungua dirisha, kama ifanywavyo kwetu, ili roho isigongegonge kioo. Hewa ya baridi ikaingia na harufu ya udongo.

Hester alifika baadaye kidogo, mikono ya shati ikiwa na damu. Alisimama mlangoni, na ilionekana kwamba njiani alikuwa ametunga mzaha, kwa kuwa alikuwa amekwisha kushika pindo la koti lake kana kwamba anataka kupiga goti. Akauona uso wa mama yake. Akaliachia pindo.

"Wote wazima," alisema tu. "Jike na mtoto."

"Vizuri," alisema Winifred.

Walikaa watatu kando ya kitanda. Ndipo Bi Dinsdale, akijifuta macho kwa aproni, akasema: "Na nyuki, je? Nani atawaambia?"

Ni ada ya kale huku. Mwenye mizinga akifa, nyuki lazima waarifiwe kabla ya jua kuzama, na waambiwe ni nani bibi yao mpya. Wasipoambiwa, watahama au watakufa. Hester, msomi wa sayansi, alifungua mdomo, kisha akaufunga.

"Mimi," alisema Winifred.

Alichukua ufunguo wa mlango mkubwa, akatoka peke yake kwenda nyuma ya nyumba, mahali mizinga ya Honoria ilipopangwa chini ya ukuta, myeupe, midogo, na vilemba vya theluji vikiyeyuka juu yake. Aliugonga wa kwanza kwa ufunguo, polepole.

"Nyuki," alisema. Alijiona kichekesho, akaendelea hata hivyo. "Amekufa Honoria. Bibi yenu amekufa."

Tone likaanguka kutoka ukutani.

"Na bibi yenu mpya ni..."

Hapo ulimi ukamgoma. Winifred lilikuwa jina la mtu mmoja, la mke wa Tom, la mwanamke wa kondoo, na nyuki hawakumjua. Lile jingine, la bonde, waliloitwa mabaroni wote, hakuwahi kulitamka juu yake mwenyewe mbele ya kiumbe chochote chenye uhai. Alilitazama bonde lililolala chini yake, kijito, mnara wa kanisa, kilima ambacho nyuma yake kuna Uskoti. Akavuta pumzi.

"Ni Garsholm," alisema.

Akainama, akaweka sikio kwenye ubao. Mwanzoni hakusikia kitu. Halafu, kutoka ndani kabisa, kutoka kwenye joto la umati usioonekana, ukaanza mvumo, chini, chini sana. Ukapanda. Alibaki pale ameinama, maji ya theluji yakimtiririka shingoni, akisikiliza.